Mwalimu wa mazoezi aliye ndani ya simu: mtumie, lakini kumbuka hakuoni

Na Mwandishi Wetu

SIKU hizi mwalimu wa mazoezi haji tena na filimbi shingoni, wala hakungoji mlangoni akidai ada. Yumo ndani ya simu. Unabonyeza kitufe, unamwona akichuchumaa na kuinuka, unamsikia akihesabu, nawe unamfuata ukiwa sebuleni mwako, meza imesogezwa kando na leso imetandikwa sakafuni.

Huenda wewe msomaji ni mmoja wa wale ambao tayari wameweka programu ya aina hii katika simu zao. Huenda pia umekuwa ukijiuliza kama yafaa. Ukiwa mkazi wa jiji la Kisumu, iwe ni Milimani, Migosi, Lolwe, Kondele au Nyamasaria, una sababu nyingi za kutaka kufanyia mazoezi nyumbani. Asubuhi na mapema barabara ina giza. Jioni ina vumbi, pikipiki na mbu. Mwanamke akikimbia barabarani hupigiwa mbinja na kutupiwa maneno na vijana wa stejini. Ada ya ukumbi wa mazoezi nayo hushindana na karo na kodi ya nyumba.

Isitoshe, wengi walijifunza kuufunga mlango na kujinyoosha ndani wakati wa Korona. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 27, 2020 na haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Katika kipindi hicho simu ndiyo iliyokuwa dirisha la wengi, na mazoezi ya simu yalipata wafuasi wapya kote duniani.

Je, mwalimu huyu anafaa? Jibu ni kwamba anafaa sana kwa mambo fulani, na hafai kabisa kwa mengine. Anajua kupanga, kuonyesha na kukumbusha. Asichojua ni wewe ni nani, una umri gani hasa, unameza dawa gani, na goti lako la kushoto liliumia mwaka gani. Kwa kifupi, hakuoni. Mtu asiyeielewa tofauti hiyo anaweza kutafuta afya akapata maradhi.

KWA NINI TUNAHITAJI MAZOEZI

Wazazi wetu hawakuhitaji programu. Aliyelima, akateka maji ziwani, akatembea hadi sokoni Kibuye akiwa na mzigo kichwani, alikuwa amemaliza mazoezi yake kabla ya jua kuchwa. Hata katika mji wa Kisumu wa miaka ya 1990, boda boda ilikuwa baiskeli, na mwendeshaji wake alikuwa na mapaja ya chuma. Leo boda boda ni pikipiki. Anayeiendesha amekaa, na anayebebwa amekaa. Karani atokaye Mamboleo hupanda matatu, hukaa ofisini saa 8, hurudi kwa tuktuk na kumalizia siku mbele ya televisheni. Mwili wake umesafiri kilomita nyingi bila ya yeye kutembea hata moja.

Madhara ya kukaa yalianza kuonekana zamani. Mwaka 1953, daktari Mwingereza Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Waligundua kwamba madereva, ambao walikaa kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi siku nzima wakikata tikiti. Mshahara ulitoka kwa mwajiri mmoja na basi lilikuwa hilo hilo, lakini mioyo ilitofautiana.

Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu watu wazima 24 kati ya kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, yaani presha. La kutisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima, asilimia 56, hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Nao uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uligundua kwamba wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi, ilhali mwaka 2014 walikuwa 33.

Zitazame takwimu hizo mbili kwa pamoja. Watu wengi wameanza kunenepa na wanataka kupunguza uzito, na wengi wao hawajui presha yao. Hao ndio wanaofungua simu usiku wa Jumapili, wakaapa kuanza kesho, wakachagua zoezi gumu kuliko yote.

MWALIMU WA MBALI SI JAMBO GENI

Usidhani kwamba kufundishwa mazoezi na mtu asiyekuwapo kulianza na simu. Nchini Japani, mazoezi ya redioni yalianza mwaka 1928, na hadi leo watu husimama asubuhi viwanjani wakinyoosha mikono kwa kufuata sauti na muziki. Mwishoni mwa miaka ya 1950, jeshi la anga la Kanada lilitoa mpango wa mazoezi ya dakika 11 kwa siku, bila chombo chochote, kwa ajili ya askari wake waliokaa mahali pasipo na viwanja. Mpango huo uliuzwa kama kijitabu, na raia wengi wakaufuata vyumbani mwao.

Programu nyingi za simu ni wajukuu wa kijitabu hicho. Moja ya ratiba zilizoenea sana ni ile ya dakika 7. Ilitokana na makala ya wataalamu wawili wa Marekani, Brett Klika na Chris Jordan, iliyochapishwa mwaka 2013. Ina mazoezi 12. Kila moja hufanywa kwa sekunde 30, kisha unapumzika sekunde 10. Unahitaji kiti, ukuta na uzito wa mwili wako tu. Haikupita muda, ratiba hiyo ikaingizwa katika programu chungu nzima.

Lakini makala yenyewe ilikuwa na onyo. Mazoezi ya kukaza mwili bila kusogea, mathalani kuuegemea ukuta kana kwamba umekaa kitini, au kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka kama ubao, waandishi hao hawakuyapendekeza kwa watu wenye presha au maradhi ya moyo. Sababu ni kwamba msuli unapokazwa kwa muda bila kulegezwa, na hasa mtu akibana pumzi, presha hupanda ghafla. Ratiba imesafiri dunia nzima, ila onyo hilo si rahisi kulikuta ukishabonyeza kitufe cha kuanza.

Hapo ndipo penye tatizo. Mwalimu aliye hai angekutazama usoni, akaona jasho la baridi, akasema, "Mama, keti kwanza." Mwalimu wa simu ataendelea kuhesabu.

PIMA KWANZA, BONYEZA BAADAYE

Kabla ya kuanza, jibu maswali haya kwa ukweli. Hakuna anayekusikiliza.

Je, umewahi kuambiwa na daktari kwamba una ugonjwa wa moyo au presha? Je, huhisi maumivu kifuani unapopanda ngazi au kutembea haraka? Je, umewahi kupata kizunguzungu hadi ukaanguka au kupoteza fahamu? Je, una ugonjwa wa sukari? Je, una goti, nyonga au mgongo unaouma ukifanya kazi? Je, unatumia dawa za kila siku? Je, una mimba, au umejifungua karibuni?

Ikiwa umejibu "ndiyo" hata mara moja, usivunjike moyo. Maana yake ni kwamba sharti uzungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuanza, wala si kwamba mazoezi yamekatazwa kwako. Na hata kama umejibu "la" kote, pimwa presha. Zahanati na maduka mengi ya dawa yana kipimo, na kazi hiyo haichukui dakika 10. Keti kwanza dakika 5, usizungumze, mkono ukae juu ya meza.

Namba zinazoelekea 120 kwa 80 ni za kuridhisha. Zikifika 140 kwa 90 na zikarudi hivyo siku nyingine, muone daktari. Zikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo usiruke wala usiiname, nenda hospitali. Iwe ni kituo cha afya cha mtaani, hospitali ya kaunti au ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita "Russia", jambo la maana ni kwamba upimwe.

Mwenye presha iliyodhibitiwa ana kila sababu ya kufanya mazoezi. Kutembea haraka au mazoezi mengine ya kuchangamsha moyo, yakifanywa mara kwa mara, hupunguza namba ile ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Si haba. Hata hivyo, usiache dawa kwa sababu simu imekupa nyota tano. Dawa hupunguzwa na daktari tu.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayedunga insulini au kumeza tembe za kushusha sukari akumbuke kwamba mazoezi nayo huishusha. Aweke karibu kitu kitamu, avae viatu hata akiwa ndani ya nyumba, na azikague nyayo zake jioni.

MAMBO YA KANDO YA ZIWA

Programu nyingi zimeundwa ng'ambo, na waundaji hawakuwa na Kisumu mawazoni. Kuna mambo matatu ya huku kwetu ambayo ni nadra mwalimu wa simu kukuuliza.

La kwanza ni ugonjwa wa selimundu. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye watu wengi waliozaliwa na ugonjwa huu au wanaobeba chembe yake. Aliye na ugonjwa wenyewe asiguse mazoezi makali kabla ya kuelekezwa na daktari wake, kwa kuwa uchovu na upungufu wa maji mwilini unaweza kumletea maumivu makubwa. Anayebeba chembe moja tu huishi kama wengine, na mazoezi ya kawaida hayamdhuru. Lakini hata yeye yafaa aanze polepole, anywe maji na apumzike, hasa kwenye joto. Si hofu ya bure. Chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, NCAA, kilianza mwaka 2010 kuwataka wachezaji wa daraja la kwanza wajulikane kama wanabeba chembe hiyo, baada ya kifo cha mchezaji mmoja mwaka 2006. Kama katika ukoo wenu pana mtoto mwenye selimundu, pimwa ujue ulipo.

La pili ni malaria. Ratiba ya simu itakuambia usikose hata siku moja, isije ikakatika ile idadi ya siku mfululizo. Homa haijui idadi hiyo. Ukisikia mwili unauma, kichwa kinagonga na baridi inakutambaa, usijidanganye kwamba jasho litatoa ugonjwa. Nenda ukapimwe, na ukishapona uanze tena kwa nusu ya kiasi ulichokuwa umefikia.

La tatu ni joto. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, lakini alasiri joto hukaribia digrii 30, na chini ya mabati yasiyo na dari huzidi. Chagua alfajiri au jioni, fungua dirisha, weka maji karibu. Dirisha la jioni liwe na wavu, maana mbu nao hupenda mtu anayetoka jasho.

CHAGUA PROGRAMU KWA AKILI

Zipo za bure na zipo za kulipia, na uzuri haufuati bei. Unapochagua, tazama mambo yafuatayo.

Iwe na hatua ya wanaoanza kabisa. Ikiwa siku ya kwanza inakurusha juu na chini kwa dakika 30, ifute. Iwe inaonyesha namna nyepesi ya kila zoezi, kwa mfano kusukuma ukuta badala ya kujiinua kwa mikono kutoka sakafuni. Iwe na mtu anayeeleza jinsi ya kuweka magoti na mgongo, badala ya muziki na kelele za kukuhimiza peke yake. Na iwe inakubali kupakuliwa video ukiwa penye intaneti ya bure, ili usitumie data kila asubuhi. Video ya saa moja yaweza kumaliza megabaiti mamia kadhaa, na mazoezi yanayokula pesa za nauli hayadumu.

Jihadhari na lile neno "jaribu bure siku 7". Mara nyingi hudaiwa namba ya kadi au ya malipo kwanza, na siku ya 8 pesa huanza kukatwa. Kumbuka pia kwamba kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Sharti uingie penye orodha ya malipo ya kila mwezi katika duka la programu na uyakatize huko. Weka alama kwenye kalenda siku mbili kabla.

Angalia pia unachompa. Programu huuliza uzito, umri, picha, mahali ulipo na hata siku za hedhi. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani iliyochapishwa na programu ya Strava, ikionyesha njia za wakimbiaji, ilikuwa imefichua kambi za kijeshi katika nchi mbalimbali. Ikiwa siri za majeshi zilivuja, sembuse za mlango wako? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe. Mtu anayefanyia mazoezi sebuleni hana haja ya kuiambia simu aliko.

Na ukifika kwenye sehemu ya chakula, usitishike na majina ya vyakula vya ng'ambo. Ile mboga inayosifiwa kwa jina la kale ni ndugu wa sukuma wiki yako. Ngege wa kuchemsha, omena, osuga, apoth na maharagwe vinatosha. Kinachohitaji kupunguzwa ni mlima wa ugali, mafuta ya kukaangia, soda na sukari kwenye chai.

USIAMINI KILA HESABU

Simu iliyowekwa juu ya kabati haijui kama uliinuka mara 12 au ulikuwa umelala kwenye kochi. Itakupongeza vilevile. Ile namba ya kalori ulizochoma ni makadirio tu, kwa hivyo usiitumie kama kibali cha kuongeza chapati.

Hata ile idadi maarufu ya hatua 10,000 kwa siku haikutoka hospitalini. Ilitoka Japani mwaka 1965, pamoja na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa kwa jina la manpo-kei, maana yake kipima hatua 10,000. Ilikuwa lugha ya biashara. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2019 juu ya wanawake wazee ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaacha kuongezeka karibu na 7,500. Ni habari njema kwako wewe unayeanza, kwa sababu hatua chache za kwanza ndizo zenye faida kubwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Shirika hilo lilisema pia kwamba kila mwendo una faida, hata usipofika dakika 10 kwa mpigo.

Utajuaje kama ni wastani? Zungumza. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Ukishindwa kutoa hata maneno matatu bila kuhema, punguza. Kipimo hicho ni cha bure na hakihitaji betri.

RATIBA YA WIKI NNE

Tafuta nafasi ya hatua mbili kwa hatua tatu. Sakafu ya saruji haifai kwa magoti, hivyo tandika mkeka au leso iliyokunjwa mara kadhaa. Ukikaa fletini, mhurumie jirani wa chini na uache mazoezi ya kuruka. Ya kuchuchumaa yatakutosha. Huhitaji vyuma. Pakiti ya unga ni kilo 2. Mtungi wa lita 5 uliojaa maji ni kilo 5, nao haukosi katika nyumba yoyote ya Kisumu.

Wiki ya kwanza: siku 3, dakika 10 kila siku. Anza kwa kutembea papo hapo dakika 3. Kisha inuka kutoka kitini na ukae tena, mara 8. Sukuma ukuta kwa mikono, mara 8. Panda na kushuka kidato kimoja cha ngazi kwa dakika moja. Rudia mara ya pili. Malizia kwa kujinyoosha.

Wiki ya pili: siku 3, dakika 15. Mazoezi ni yale yale, mzunguko ni wa tatu.

Wiki ya tatu: siku 4, dakika 20. Chuchumaa bila kiti, visigino vikiwa chini na magoti yakifuata uelekeo wa vidole. Chukua pakiti za unga na uziinue kutoka kifuani hadi juu ya kichwa, mara 8. Toa pumzi unapoinua na uivute unaposhusha, usiibane kamwe.

Wiki ya nne: siku 4, dakika 25. Hizo ni dakika 100. Sasa shuka matatu stendi moja kabla ya ofisi na utembee dakika 10, siku 5 za kazi. Umepata 50 nyingine. Jumla ni 150, na hujatoa hata senti moja.

Mtumie mwalimu wa simu katika ratiba hii: akuonyeshe zoezi, akupigie saa, akukumbushe siku. Lakini umtafutie macho. Mwombe mumeo, mkeo au mtoto akutazame na kulinganisha. Ukiwa peke yako, jipige video kutoka ubavuni, kisha uitazame pamoja na ya mwalimu. Utashangaa mgongo ulioudhania umenyooka ulivyopinda.

DALILI ZA KUACHA MARA MOJA

Acha, keti na uombe msaada ukihisi mojawapo ya haya: kifua kubana au kuuma, hasa maumivu yakienda kwenye taya au mkono, pumzi kukatika kuliko kawaida, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpango, jasho la baridi, udhaifu wa ghafla upande mmoja wa mwili, au maumivu makali ya kiungo. Kifua kikiuma au upande mmoja ukilegea, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Maumivu ya misuli siku ya pili, yale ya kukufanya ushuke ngazi kama mzee, ni ya kawaida na huisha baada ya siku mbili au tatu. Mkojo ukiwa na rangi kama chai nyeusi baada ya mazoezi mazito, hilo si la kawaida. Muone daktari.

KUANZA SI KAZI, KAZI NI KUDUMU

Tafiti juu ya programu hizi zimekuwa zikionyesha kwamba husaidia watu kujongea zaidi, ila faida ni ya kadiri, na huonekana zaidi katika miezi ya mwanzo. Baadaye mtu huzoea ile kengele, akaanza kuizima kama anavyoizima saa ya kumwamsha.

Dawa yake ni watu. Mwambie jirani. Fanyeni wawili au watatu katika ploti yenu, simu moja ikiwa imeegemezwa kwenye ndoo. Jumamosi tokeni mkatembee hadi Dunga au Hippo Point mkaone jua likizama ziwani. Mwenzako akikukosa siku mbili atakuja kugonga mlango kuuliza kama u mzima.

Kwa hivyo, msomaji, usimfukuze mwalimu aliye simuni, maana ana manufaa yake. Lakini kesho, kabla ya kubonyeza kile kitufe, pitia kwanza duka la dawa au zahanati iliyo karibu nawe, ukunje mkono wa shati na upimwe presha. Ziandike zile namba mbili kwenye karatasi na uibandike ukutani, mahali utakapofanyia mazoezi. Baada ya wiki nne pimwa tena, uandike chini yake.